Mashine Haiumwi, Alisema Baba

Mwezi uliopita waliniita Musoma kwenye semina ya elimu, sisi walimu wastaafu tukae pamoja na wale wanaofundisha sasa. Nilikwenda. Unanijua, siku hizi mtu akiniita mahali naenda, maana nyumbani hakuna wa kuniuliza nimetoka wapi. Ukumbi wenyewe uko karibu na ziwa, na tulipewa chai nzuri na maandazi mawili mawili. Kisha akasimama kijana mmoja, mtaalamu wa mambo ya kompyuta, shati limenyooka, ana kitochi chake cha kuonyeshea ukutani. Akasema ndani ya miaka mitano mtoto hatamhitaji mwalimu. Simu itamfundisha, itamsahihisha, hata kumpongeza itampongeza. Walimu, alisema, wajukuu wenu watawaona kwenye picha.

Watu wakapiga makofi. Mimi nikacheka, tena kwa sauti, peke yangu, ukumbi mzima ukageuka. Mama aliyekaa kando yangu alidhani nimepaliwa na andazi, akanipa maji. Nikainuka, nikatoka nje, nikalitazama ziwa mpaka macho yakakauka. Sikuwa namcheka kijana wa watu. Maneno yale nilishayasikia zamani, karibu vilevile, kwa baba yangu mzazi, ila yeye alikuwa anazungumzia ng'ombe.

Kwetu ni njia ya Kibara, ukitoka Bunda mjini, kabla hujaanza kuisikia harufu ya ziwa. Mama yangu alifariki nikiwa bado wa kubebwa. Baba alikuwa mtu wa ofisi Musoma, na mwanaume peke yake na mtoto mchanga wapi na wapi, kwa hiyo alinileta kwa wazazi wake. Sikuwa na kaka wala dada. Babu aliniita mama, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake, na asubuhi nyingine aliniamkia shikamoo kwa utani, nami naitikia marahaba kwa sauti nzito, bibi anacheka jikoni.

Babu alikuwa na maksai wawili wa kulima. Mmoja aliitwa Polisi, mweusi, kazi yake kusukuma wenzake hata pasipo na kosa. Mwingine aliitwa Karani, rangi ya majivu, mtaratibu, hainui mguu mpaka alifikirie jambo. Babu ndiye aliyewafundisha tangu wakiwa ndama, na ndiye aliyewapaka samli shingoni kabla ya nira ili isiwachubue. Yeye alishika plau nyuma, mimi nilishika kamba mbele. Ndiyo ilikuwa kazi yangu tangu nikiwa na miaka saba hivi: kutembea mbele ya ng'ombe wawili wakubwa, pumzi zao zikinipiga kisogoni, mnyororo ukilia, udongo ukipasuka, yangeyange weupe wakitufuata kuokota wadudu. Nilikuwa nawasimulia Polisi na Karani mambo yangu yote. Mtoto asiye na wenzake humsimulia aliyepo.

Na msimu wa kulima nyumba yetu haikukauka watu. Babu hakuanza na shamba lake hata siku moja. Alianza na la mjane, akaja la mwenye mgonjwa, kisha ya majirani kwa zamu, lake likawa la mwisho. Aliyelimiwa hakutoa kitu, ila pamba yetu ikifika magoti unawaona wanakuja wenyewe alfajiri na majembe yao, wanaume kwa wanawake, wanaimba, wanataniana. Bibi alipika uji wa mtama uliochachuka kwenye chungu ambacho mimi ningeweza kujificha ndani. Mchana michembe ya viazi vitamu na karanga, jioni ugali wa muhogo na samaki furu wakavu, na mikono mingi ndani ya sinia moja. Siku hizo niliona kama nina ndugu.

Baba alikuja Jumamosi, kila baada ya wiki mbili. Alishuka basi Bunda, akaazima baiskeli, akafika kwetu vumbi limempaka mpaka kwenye kope. Kaptula ya kaki, soksi ndefu, mkate wa Musoma umefungwa kwenye gazeti. Alikuwa mtaalamu wa kilimo, amesomeshwa na serikali, na mimi nilimwona kama mtu asiyeshindwa na swali. Alinipakata, nami namnusa sabuni, akanusa tumbaku yake na kupiga chafya mara tatu, kisha akanionyesha picha za mashine kwenye vitabu vyake. Nikimaliza shule, alisema, pamba itachumwa na mashine. Maji yatapanda yenyewe mpaka jikoni kwa bibi. Redio itafundisha darasani na mwalimu atakuwa anafungua na kufunga tu.

"Na watoto nao watazaliwa na mashine?" bibi akamuuliza.

"Mama nawe!" baba akacheka mpaka akakohoa. Jumapili jioni akaondoka, nami nikaanza upya kuhesabu siku kwa vijiti.

Tulikuwa tumeshahamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mistari, bibi anasema tunakaa kama viti vya kanisani. Ndipo ikaja habari kwamba kijiji chetu kitapata trekta. Mkutano ukaitishwa nje ya ofisi ya kijiji, na aliyetumwa kuja kutueleza ni baba. Nilikaa mbele kabisa, nimevaa gauni la shule ingawa haikuwa siku ya shule. Baba alizungumza vizuri, lazima nimpe haki yake. Alisema nchi huru haiwezi kuendelea kumfuata ng'ombe mkiani. Alisema baada ya miaka mitano maksai mtamwona kwenye picha, na plau mtawaonyesha wajukuu kama kitu cha mababu.

Babu akanyoosha mkono kama mtu yeyote, akasubiri mpaka mwenyekiti akamruhusu.

"Mwanangu, ng'ombe akiumwa sisi tunamjuaga. Masikio yanalalaga, pua inakaukaga, tunamtafutia dawa. Sasa hilo trekta likiumwa, hapa kwetu nani anaijua dawa yake?"

Watu wakaguna kuunga mkono. Nikamwona baba anapangusa jasho.

"Mashine haiumwi, baba," akasema.

Watu wakacheka, tena wakimcheka babu. Babu naye akatabasamu akakaa. Jambo lingekuwa limeishia hapo. Lakini mzee mmoja, jirani yetu wa mstari wa pili, akasimama akasema, "Kama ni kweli, mbona maksai wa baba yako bado wako zizini? Waanze kwenu, sisi tutafuata."

 Baba alitazama viatu vyake. Mkutano mzima ukamsubiri, na nakumbuka niliomba Mungu ampe neno. Neno halikuja. Aliyesimama ni babu. Akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja mahali pa kuchota maji, "Polisi na Karani ni mboga ya siku ya trekta."

Nilikuwa mtoto na sikuelewa, nikadhani babu amekubali kwamba ng'ombe wamepitwa na wakati. Hakuamini hata kidogo. Kwetu mzazi anaweza kumgombeza mwanawe nyumbani mpaka kuku wakakimbia, lakini mbele ya watu hamwachi asimame peke yake. Babu alikuwa analinda uso wa mtoto wake, basi. Na kijiji kizima kikadanganyika kwa hilo, maana walisema kama yule anayewajua maksai kuliko sote amewatoa wake, sisi ni nani? Haukupita mwezi, maksai wa kijiji wakawa wamekwisha kwenye mnada wa Bunda.

Siku trekta lilipofika walichinja asubuhi. Mimi nilijifungia ghalani na mikono masikioni. Baba alikuwepo, amefurahi, mdomo unang'aa mafuta, akanitafuta mpaka akanipata na kuniwekea kipande cha ini kiganjani. Nilikishika mpaka kikapoa, nikampa mbwa. Babu hakugusa nyama. Walipomuuliza, alisema yeye hali mfanyakazi wake.

Sitasema uongo, mwaka wa kwanza trekta lilikuwa jambo la kutazamwa. Jekundu, dereva wake kijana wa upande wa Butiama, amevaa miwani ya jua, hacheki na mtu. Eneo ambalo Polisi na Karani wangelala nalo wiki nzima, trekta lilimaliza kabla ya jua kuwa kali. Tulikimbia nyuma yake tukipiga kelele. Lakini pamba ilipofika magoti, hakuja mtu kupalilia kwetu. Watasaidia kwa sababu gani? Hakuna aliyelimiwa na babu. Kila mtu alibaki na shamba lake na jembe lake. Bibi siku za mwanzo aliendelea kupika chungu kile kikubwa kwa mazoea, na jioni tulikaa watatu na sinia la watu kumi na watano. Ndipo nilipojua upweke ni nini. Nilikuwa naenda zizini kusimama tu.

Mwaka wa pili mvua za kwanza ziliponyesha, trekta lilikohoa katikati ya shamba la kijiji, likanyamaza. Dereva akaingia chini yake akatoka mweusi. Akasema kuna kifaa kimekatika, kidogo, kinaenea kiganjani. Bunda hakikuwepo. Musoma hakikuwepo. Akaambiwa kinasubiriwa kije na meli. Tukasubiri, na mvua haikusubiri. Hakuna aliyebaki na maksai, na fahali wasiofundishwa huwezi kuwafunga nira leo ukalima kesho, watakuvunja miguu. Basi kijiji kizima kikashika jembe la mkono, wengi wakachelewa kupanda, mwaka ule tukala muhogo mpaka muhogo ukatukinai wenyewe. Kuku wa mwenyekiti wakaanza kutagia chini ya kiti cha trekta.

Watu kwa masihara hawajambo. Baba yangu wakampa jina: Haiumwi. Mtu akipita karibu na trekta anauliza, jamani, Haiumwi amekuja kumwona mgonjwa wake? Shuleni nikawa mtoto wa Haiumwi. Nilipigana, nikapigwa, nikaacha kupigana. Na mwenyewe hakuja. Jumamosi ya kwanza nilisema ana kazi, ya pili nikasema basi limeharibika, halafu nikavitupa vile vijiti vyangu vya kuhesabia. Babu alikuwa analima peke yake na jembe, viganja vimepasuka, bibi anavipaka samli ile ile iliyobaki ya maksai. Nilimwangalia, na moyo wangu ukageuka. Nilimchukia baba. Nakwambia wewe, sijawahi kumwambia mtu: nilimchukia kwa nguvu zote za mtoto wa darasa la tano.

Siku moja babu akaniita barazani na karatasi ya daftari. Alikuwa anahudhuria elimu ya watu wazima jioni, lakini alikuwa hajavuka jina lake. Akanikalisha, akafumba macho, akaanza kusema pole pole ili nisipitwe.

"Andika, mama. Mwambie baba yake anamsalimu, mvua imenyesha. Mwambie ng'ombe ni ng'ombe, wanazaliwaga wengine. Nimeona ndama wawili wazuri kwa mjomba wake, tutawafundisha, ila nguvu zangu zimepungua, nataka mtu wa kushika plau. Watu wanasemaga, halafu wanachokaga. Mwambie aje."

Nikaandika. Lakini mkono wangu haukuandika hayo. Niliandika kwamba babu analima kwa jembe na mikono yake inatoka damu. Niliandika kwamba watu wanamwita Haiumwi, na mimi wananiita mtoto wa Haiumwi. Kisha nikaandika, kama vile ni babu anayesema: "Ulinidanganya mbele ya watu. Usije, utatuaibisha." Babu akaniambia nimsomee. Nikamsomea yale aliyoyasema yeye, neno kwa neno, macho yangu yakiwa juu ya yale niliyoyaandika mimi. Akasikiliza, akaridhika, akaandika jina lake chini kwa herufi zinazotetemeka, kazi iliyomchukua muda mrefu na ulimi nje. Ile barua ilikuwa ya kwanza kwake kuisaini. Tukaipeleka Bunda kwa kondakta wa basi la Musoma.

Jumamosi iliyofuata babu akabeba kigoda chake akaenda kukaa barabarani. Alikaa mpaka baiskeli ya mwisho kutoka Bunda ikapita. Jumamosi nyingine tena. Bibi akamwambia, mzee, kama anakuja nyumbani anapajua. Babu akasema anataka tu kunyoosha miguu. Alikwenda Jumamosi zote za msimu ule, na mimi kila akirudi na kigoda begani nilitamani kusema, lakini nikakipokea kigoda tu. Niliogopa asije akaacha kuniita mama. Siku zikapita, na uongo ukikaa unaota mizizi kama mti wowote.

Baba aliomba uhamisho. Tulisikia kwa watu kwamba yuko kusini, mbali, ambako kwetu ilikuwa ni kama kusema ng'ambo. Hakututupa, hapana. Kila mwaka ulikuja mzigo kwa mkono wa wasafiri: sukari, sabuni, blanketi la babu. Babu alilikung'uta lile blanketi, akalipapasa kwenye mikunjo.

"Hajaandika kitu?"

"Hajaandika, babu."

Ndama wale tuliwafundisha mimi na babu, yeye nyuma na mimi mbele, ikatuchukua misimu miwili. Wengine nao wakaanza kufuga maksai upya, mmoja mmoja, kwa aibu kidogo. Trekta lilibaki pale pale mpaka likaota kutu na watoto wakaling'oa taa. Lakini ile zamu ya kuanza na shamba la mjane haikurudi. Mwenye maksai sasa alilima kwa malipo, na aliyelimiwa akishalipa hana tena sababu ya kukanyaga kwako.

Babu alifariki nikiwa tayari nafundisha. Baba alikuja maziko. Sikumtambua mpaka aliponusa tumbaku yake na kupiga chafya mara tatu, kama zamani. Alikuwa amekonda, nywele zimepauka, na watu wakampokea vizuri tu. Ile Haiumwi walishaisahau, na waliokumbuka waliona haya. Kama babu alivyosema, watu walikuwa wamechoka. Siku ya pili, jioni, tukiwa tumekaa kando ya ghala, akaniuliza bila kunitazama.

"Ile barua. Baba mwenyewe ndiye aliyesema yale?"

Nilikuwa mtu mzima, mwalimu, naaminiwa na watoto wa watu. Ningesema hapana. Neno moja. Lakini mkononi nilikuwa na kikombe cha uji, nje kuna waombolezaji, na nilijiona tena darasa la tano. Nikasema, "Ndiyo, baba."

Akatikisa kichwa. "Alikuwa na haki," akasema. Kesho yake akapanda basi. Sikumwona tena, kusini ndiko alikozikwa, na habari zilinifikia mazishi yamekwisha.

Niliporudi kutoka semina nilikaa dirishani mpaka Bunda. Mashamba yalikuwa yanalimwa, na niliwahesabu: jozi sita za maksai, na mbele ya jozi moja mtoto anayekimbia akiwa na simu sikioni. Baba alikosea, kama wataalamu wengi walivyokosea na kama yule kijana wa kitochi huenda naye atakosea. Hilo si kosa la kumkimbiza mtu kwao. Babu alilisamehe kabla halijapoa. Mimi ndiye niliyelifanya lidumu.

Pale tulipokuwa pana nyumba ya tofali sasa, ya watu wengine, na geti. Bibi hayupo, babu hayupo, wazee wa mstari wa pili hawapo. Nimejaribu kuiandika upya ile barua, kama alivyoisema babu, na maneno yote nayakumbuka. Naandika, nakunja, halafu nakaa nayo mkononi, hakuna wa kumpelekea. Ndiyo maana nimekusimulia wewe. Wenyewe nimechelewa kuwaambia.